Andika Ulichokiona

Ufunguo wa mlango mkubwa, mama mkwe wangu Bi Wanu aliufunga pindoni mwa kanga yake siku ile ile tuliyomzika Wakil, na tangu hapo sikuuona tena ila kama kinundu. Akikaa kinakaa naye, akiinuka kinamgonga gotini. Mimi ndiye niliyekuwa mke wa Wakil, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa eda. Kwa mila ya nyumba ile, mjane wa eda hatoki, hachungulii dirishani, na sauti yake haipandi hata wanaume wanaopita kichochoroni wakaisikia. Miezi minne na siku kumi.

Nieleweke vizuri, maana watu wa Mji Mkongwe ni hodari wa kunukuu nusu ya maneno. Eda ni amri ya Mungu na sikuipinga hata siku moja. Lakini Mungu hakusema madirisha yafungwe mchana kutwa katika joto la mwezi wa pili, wala hakusema mtu akienda kuoga afuatwe hadi mlangoni aulizwe, "Umo humo?" Nimo, Mama. Nitakuwa nimekwenda wapi, nimepita kwenye bomba la maji?

Na nilimpenda Wakil. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nililia kwa ajili ya dirisha. Alikuwa fundi wa viyoyozi, amekwenda kufanya kazi hotelini Kendwa, na gari iliyokuwa ikimrudisha mjini ikaacha njia. Nilimlilia mpaka koo likauma. Lakini kila nikianza kulia nilisikia ndara za Bi Wanu zikija taratibu mpaka nyuma ya pazia la chumba changu, zikasimama hapo. Basi nikanyamaza kwa hasira. Hata kilio changu sikuachiwa peke yangu.

Wiki ya kwanza tu nilifunga begi. Begi dogo la kijivu, alilokuwa Wakil akibebea nguo akilala kazini, nikalitia magauni yangu, kanga na vitabu viwili, nikalisukuma mvunguni. Nilishapanga kila kitu. Siku eda itakapokwisha, mama yangu atakuja kunichukua, niende kwanza Jambiani nikapumue, kisha nipange chumba changu Michenzani na niendelee na shule. Ngazi za nyumba ile nitazishuka mara moja, na sitazipanda tena mpaka nife. Sikumwambia mtu. Usiku nikipata dhiki nilikuwa nashusha mkono nikaligusa, nikalala.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na shule yangu iko karibu hivi kwamba nikikaa kitandani naisikia kengele. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniua. Kengele inalia, nafsi inainuka kwenda darasani, mwili umebaki unatazama boriti. Wasichana wangu wa Kidato cha Pili niliwaacha katikati ya kazi niliyokuwa nikiionea fahari. Darasa zima tulikuwa tunatazama viumbe hai kwa macho yetu, si kwa macho ya kitabu. Tulikuwa na chupa ya viluwiluwi vya mbu imefungwa kitambaa cha chandarua, tukiandika kila siku vimefanya nini. Tulikuwa na bakuli la konokono. Na nilikuwa na kanuni moja, nikiirudia mpaka wakinitania kwayo vichochoroni: andika ulichokiona, si unachodhani. Ukisema konokono ana huzuni, nakuuliza, umeiona wapi hiyo huzuni, ina rangi gani?

Pahala pangu alipewa Mwalimu Ayoub wa fizikia, mtu mpole, mwenye kuogopa kila chenye miguu zaidi ya minne. Jioni moja Yusra alinitumia sauti kwenye simu. Yusra ni mtoto wa fundi cherehani wa Malindi, msichana asiyejua kusema uongo hata ule wa adabu.

"Mwalimu, shikamoo. Leo tumenakili sifa saba za viumbe hai kutoka ubaoni. Mwalimu Ayoub kasema tuzihifadhi kwa moyo. Ile chupa ya viluwiluwi kaimwaga, kasema italeta homa ya dengi. Konokono hatujui wamekwenda wapi. Tunakukumbuka."

Nilisikiliza mara ya pili, nikatamani kulitafuna pazia. Nikatoka ukumbini, nikamkuta Bi Wanu anachambua mchele.

"Mama, nataka kwenda shule. Asubuhi nende, adhuhuri nirudi. Nitajifunika mpaka macho."

"Huendi."

"Wanazuoni wanasema mjane akiwa na haja hutoka mchana."

"Wanasema vitabuni. Hapa si kitabuni, hapa Mkunazini." Hakuinua hata uso. "Ntakuja kuulizwa na watu, mkweo kamaliza kulia lini?"

Nikaomba aitwe Ami Bakar, ami yake Wakil, anayesomesha chuo cha Kurani. Alikuja, akakaa upande wa pili wa pazia, akakohoa kikohozi cha heshima. Nilimweleza. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba kweli, mwenye haja hutoka. "Lakini mwanangu Nasima, haja yenyewe iko wapi? Serikali ishakupa likizo ya eda, na mshahara unaupata."

Hapo nilikwama. Ningekuwa muuza maandazi ningetoka, maana ningekufa njaa. Kwa kuwa wakubwa wamenihurumia wakanipa likizo, huruma yao ikawa kufuli ya pili. Nilimshukuru Ami Bakar, nikarudi chumbani, nikagusa begi.

Siku mbili nilizunguka chumbani, kisha nikarudi kwa Bi Wanu na ombi jingine. Kama mimi siendi kwao, basi wasichana waje kwangu, mchana mmoja tu, wafanyie kazi yao uani kwetu. Nilikuwa nimejiandalia hoja za kutosha kumshinda wakili. Sikuzihitaji. Bi Wanu aliniangalia, akaweka ungo chini.

"Hapa? Kukutazama wewe hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Nao watarudi kwao, wewe utabaki?"

"Nitakwenda wapi, Mama?"

"Basi waje. Ntawapikia visheti."

Nilishangaa alivyokubali upesi, lakini sikutia maanani. Furaha inapofusha kama moshi.

Walikuja Alhamisi baada ya adhuhuri, kumi na wawili, mabuibui yao yamejaa vumbi la chaki, wakipanda ngazi kwa kelele ambazo nyumba ile ilikuwa haijazisikia tangu msiba. Walinikumbatia mmoja mmoja. Mmoja wao, Faiza, alilia, akanifanya na mimi nilie, na kwa mara ya kwanza nilimlilia Wakil mbele ya watu bila kuona haya. Kisha nikajipangusa, nikawa mwalimu.

Nyumba za Mji Mkongwe watu huzisifu kwa milango. Mimi nilizoea kuzisifu kwa wakazi wake wasiolipa kodi. Uani kwetu kulikuwa na sisimizi wanaopanda chungu cha mrehani, mijusi kafiri nyuma ya tangi la maji, paka wa jirani aliyejifanya wetu, na juu ya bati kunguru wawili wasio na haya. Niliwagawia karatasi zenye jedwali. Safu ya kwanza, yuko wapi. Ya pili, anafanya nini. Ya tatu, sababu, na hiyo niliitia kwa makusudi ili kuwatega. Kila mmoja achague kiumbe hai mmoja, akae mbali naye, asimguse, asimtishe. Mimi nitagonga sufuria kwa kijiko kila baada ya muda. Kijiko kikigonga, unaandika anachofanya wakati ule ule, basi.

"Kuandika sababu ni lazima, Mwalimu?" aliuliza Faiza.

"Ukiiona, andika. Usipoiona, sema hujaiona. Hakuna aibu katika kutojua, aibu ni kujitungia."

Waligombania mijusi. Yusra, kama kawaida yake, alichelewa, maana alikuwa amemsaidia Bi Wanu kupandisha ndoo. Aliposhuka kila kiumbe kilikuwa na mwenyewe.

"Lazima awe mdogo?" akaniuliza.

"Awe hai tu. Tafuta wako."

Akapanda ngazi tena, akakaa kwenye kidato cha juu kabisa, pale penye kona, ambapo mtu anaona ukumbi, ukingo wa ghorofani unaotazama uani, na mlango wa chumba changu, pazia lake likiwa limefungwa pembeni. Nilimwona ametulia amekunja magoti, nikadhani anamtafuta paka. Nikadhani. Mimi, mwenye kanuni.

Nikaanza kugonga. Loh, ile saa ilikuwa tamu. Wasichana wamechuchumaa kimya, ndimi nje, kalamu zinakwenda. Mjusi wa Faiza alidondoka ukutani akaangukia ndani ya ndoo, na nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikasahau wanaume wa kichochoroni, nikasahau eda, nikasahau kwamba katika nyumba ile nilishasahau kucheka. Hakuna aliyenikemea. Hilo nalo nililiona, na sikulifikiri.

Tulipomaliza tulikaa uani kwa duara wasome. Bi Wanu akashuka na sinia la visheti na jagi la maji ya ukwaju, ngazi moja moja, mkono mmoja ukutani. Magoti yake mabovu miaka mingi. Akaketi pembeni kwenye kibao cha mbuzi, akawa anamimina.

Faiza alisoma wa kwanza. "Mjusi yuko nyuma ya tangi. Amekasirika."

"Umeiona hasira?"

"Alikuwa anapandisha kichwa na kushusha, Mwalimu."

"Basi andika anapandisha kichwa na kushusha. Hasira muachie mwenyewe."

Wakacheka. Wa sisimizi akasoma, wa kunguru akasoma, na tukabishana kama kunguru aliyeiba kisheti aliiba au alichukua. Niliona nimerudi kuwa mtu. Kisha ikafika zamu ya Yusra. Akasimama, akanyoosha karatasi yake, akasoma kwa ile sauti yake ya kusoma Kurani mashindanoni.

"Kiumbe hai: Bibi."

Wasichana waliangua kicheko. Mimi damu ilinipanda usoni. "Yusra, kaa chini."

"Uliniambia awe hai tu, Mwalimu."

"Mwache asome," alisema Bi Wanu. Alikuwa anatabasamu, jagi mkononi. Nadhani alifurahi. Kwa muda gani hakuna mtu aliyemtazama? "Soma mjukuu wangu. Tuone nami nimo katika hao mijusi."

Yusra akasoma. "Bibi yuko ukumbini. Amekaa, anachambua mchele. Kijiko kikagonga, Bibi yuko ukingoni, ameshika nguzo, anamtazama Mwalimu chini. Kikagonga, bado anamtazama. Kikagonga, Mwalimu anacheka. Bibi amerudi nyuma ya nguzo, ameshika pindo la kanga." Akaendelea. "Kikagonga, Bibi yuko chumbani kwa Mwalimu. Anapiga magoti kwa shida. Anavuta begi kutoka mvunguni."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi sikuwa na pumzi ya kumnyamazisha.

"Kikagonga, amelifungua begi, ametia mkono ndani. Hatoi kitu. Anapapasa. Kikagonga, amelifunga, amelirudisha. Amekaa sakafuni. Kikagonga, bado amekaa sakafuni. Kikagonga, ameinuka kwa kushika kitanda. Anafuta uso kwa kanga."

"Alikuwa analia?" Faiza alinong'ona.

"Sikuona machozi," alisema Yusra. "Nimeona anafuta uso." Akatazama tena karatasi. "Kikagonga, amerudi ukumbini, anachambua mchele. Ni mchele ule ule, ulishachambuliwa. Sababu: sijaiona."

Akakaa. Kunguru juu ya bati akalia, akanyamaza. Wasichana wote kumi na wawili walinitazama, maana mwalimu sharti aseme kitu kila mtu akimaliza kusoma. Nikajua nikimgombeza yule mtoto nitakuwa nimewafundisha uongo kwa mwaka mzima.

"Vizuri, Yusra," nilisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Umefuata kanuni."

Bi Wanu alikuwa bado anamimina, na kikombe kilishajaa. Ukwaju ukawa unatiririka kwenye sinia, unaloweka visheti, naye anatazama tu.

Walipoondoka aliwafungulia mlango mwenyewe, akaurudishia, nikasikia komeo. Alipanda ngazi polepole. Nilikuwa nimemsubiri ukumbini, na hasira nilishaichemsha ikaiva. Mtu anaingia chumbani kwangu, anapekua mvunguni mwangu! Na ile methali ya cha mvunguni sharti uiname, kumbe bibi mzima mwenye magoti mabovu kaichukua kwa maana yake yenyewe.

"Tangu lini, Mama?"

Akaketi. "Tangu ulipolifunga. Ukienda kuoga mimi nakuuliza umo humo. Ukiitika, najua nna nafasi."

"Unatafuta nini ndani?"

"Sitafuti kitu. Natazama kama nguo bado zimo." Akasugua goti lake. "Nikizikuta zimo nasema, mwanamke huyu anakwenda. Nikitoka najipa moyo, labda kesho ntazikuta kazitoa. Macho hayana pazia, mwanangu. Yule mtoto kanivua nguo mbele ya watu, na hajasema uongo hata neno moja."

"Na ufunguo? Na madirisha? Kila siku unaniambia mila, unaniambia watu watasema nini!"

"Nlidhani ukikaa ndani miezi hii yote utazoea. Mtu huzoea. Mimi nlizoea."

"Umenifungia kwa jina la Mungu!"

"Nlikufungia kwa ajili yangu," alisema Bi Wanu. "Jina la Mungu nlilitia mbele, maana langu usingelisikiliza."

Nilitaka aendelee kuwa mkali ili niendelee kumchukia. Badala yake alianza kusema, anatazama mikono yake. Alisema naye alikaa eda katika nyumba hii hii, chumba hiki hiki changu, Wakil akiwa bado ananyonya. Siku ya mwisho mama yake alikuja kumchukua arudi kwao Paje, kawekewa na sanduku chini mlangoni. Akakataa. Akasema atabaki kwa ajili ya wanawe wawili, wakue kwao. "Nikabaki. Nikawalea. Sasa Wakil kaondoka, na mimi nimebakiwa na nini? Ngazi. Mmanga yuko Maskati, hunipigia simu Idi na Idi. Ukenda wewe, nani atanijua nimekufa? Ntanuka kwanza."

Mmanga ni kaka mkubwa wa Wakil. Ni kweli hupiga simu Idi, na huongea kama anayelipia kila neno.

Kisha akafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa gumu, vidole vikamshinda, akatumia meno. Akautoa ufunguo, mrefu, mweusi, ukiwa na joto la mwili wake, akauweka juu ya mkeka baina yetu.

"Chukua. Kesho nenda shule ukitaka. Watu wakisema, watasema na mimi."

Niliuchukua. Ningependa kusema nilimkumbatia, lakini sikumkumbatia. Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikalivuta lile begi, nikakaa nalo sakafuni, pale pale alipokuwa amekaa yeye.

Asubuhi kengele ya shule ilipolia nilikuwa mlangoni chini. Nikafungua. Jua la kichochoroni lilinipiga usoni, muuza kahawa akapita anagonganisha vikombe, na hakuna aliyenizuia. Nilisimama kizingitini nikasubiri miguu iende. Haikwenda. Eda ilikuwa yangu na ya Wakil, na sasa kwa kuwa hakuna mtu aliyenilazimisha, nilitaka kuimaliza. Nikafunga mlango mwenyewe, nikapanda. Bi Wanu alikuwa juu ya ngazi ameshika ukuta. Aliingia chumba hadi chumba, akafungua madirisha yote.

Wasichana waliendelea kuja kila Alhamisi. Chupa mpya ya viluwiluwi tuliiweka ukingoni, na Bi Wanu akawa mlinzi wake, akiniambia asubuhi, "Leo wamepinda," au, "Mmoja kapata mbawa, nimemuua." Yusra nilimwambia asimtazame tena Bibi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia sababu sijaiona.

Siku ya kutoka eda walikuja wanawake wa mtaa, wakanikosha, wakanivisha gauni jipya, wakafukiza udi mpaka macho yakauma. Mama yangu alifika kutoka Jambiani, mikono yake imekauka kwa chumvi ya mwani, gari ya kukodi ameiacha Darajani. Alikuwa na furaha kama mtu aliyekuja kumtoa mwanawe hospitali. "Begi liko wapi?" akauliza.

Bi Wanu hakuwa ukumbini. Nilimkuta jikoni, anasugua sufuria safi. Aligeuka akanitazama, akarudi kwenye sufuria. Angelia ningeondoka. Wallahi angelia, angenishika miguu, angenilaani, ningebeba begi langu nikashuka. Alikuwa anasugua tu, na mimi nilishafundishwa na mwanafunzi wangu jinsi ya kumtazama.

Nikarudi kwa mama. "Nitakuja Ijumaa," nikamwambia.

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa ijayo, nikipata."

Mama alinitazama muda mrefu. Yeye alinizaa, hahitaji jedwali. "Haya," alisema, akavaa buibui lake. Alishuka ngazi peke yake, na kila kidato alichoshuka nilikisikia kifuani.

Sasa nimerudi shuleni. Ufunguo ninao mimi, natoka nikitaka na narudi nikitaka, na kila siku narudi. Hakuna anayeniuliza umo humo. Wenzangu wananiambia nina bahati ya mkwe. Labda. Lakini nikirudi mchana, kabla ya kuvua buibui, huinama nikatazama mvunguni, na kila siku mkanda wa begi umegeukia upande mwingine. Bado anakuja. Anapiga magoti yale mabovu, anafungua, anapapasa, anarudisha.

Nilitaka kumwambia asitaabike, nikashindwa, maana ningemwambia nini? Nabaki? Hilo ulimi wangu hauwezi kulitamka. Kwa hiyo nikaanza kutoa gauni moja kila baada ya siku kadhaa, nikalitundika kabatini, ili mkono wake ulikose. Siku nilipotoa la kwanza alipika biriani, katikati ya wiki, bila mgeni. Nilikula, sababu sikuiuliza.

Kabati langu linajaa. Vitabu nimevitoa, kanga nimezitoa. Ndani ya begi limebaki gauni moja, la kijani. Hilo sijalitoa, na yeye hajaniuliza.